Boite ya Kiboko

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa tano, 1975

Kwa Mama Mukwe Kankolongo, Kindu

Mama mukwe ninayekuheshimu,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha macho, hata kama hii ni karatasi tu. Mke wangu, binti yako Claudine, anakusalimu pia. Tumbo limeingia mwezi wa sita. Anakula sombe, anakula udongo mweupe, na ananigombeza asubuhi na jioni, kwa hiyo najua iko na nguvu.

Mama, sina uso wa kukuomba kitu, lakini nitaomba. Taksi yangu imekufa boite, lile sanduku la gia. Moteri inaunguruma vizuri, ila magurudumu hayapokei kitu. Unajua kwamba tangu behewa liliponikata mguu wa kushoto, siwezi kuendesha gari yoyote isipokuwa ile isiyo na pedali ya kushoto, ya embrayage, ile inayobadilisha vitesi peke yake. Gari za namna hiyo hapa ni za kuhesabu, na ya aina yangu ilibaki moja, wakaikatakata ikawa vyuma vya kuuza. Ingine ninayoijua katika Zaire nzima imesimama uani, katika lupango yako: Kiboko, gari ya marehemu Baba Mpoyi. Moteri yake ilipasuka, lakini boite Baba aliiacha nzima.

Daktari amesema safari hii Claudine akisikia uchungu wa kwanza tu, afike hospitali. Unajua wa kwanza alivyotutoka. Unajua wa pili alifia njiani, mama yake akiwa juu ya mkokoteni wa pusupusu, hata nusu ya njia hatujafika. Tunakaa mwisho wa Katuba, njia ni mashimo matupu, taksi za wengine hazifiki kwetu. Bila gari nitampeleka na nini? Kwa mguu mmoja hata pusupusu siwezi kusukuma.

Ningekuja mwenyewe kuifungua. Lakini mukwe alale chali chini ya gari katikati ya lupango ya mama mukwe, naye mama akipita na ndoo ya maji? Haifai. Kule kwetu Kasai wangenikana. Ndiyo maana naomba, kama moyo wako unakubali, umuite fundi Kasimu wa karibu na gare, pale stesheni, aitoe, nasi tutaileta na treni. Uchungu tunautazamia katikati ya mwezi wa nane.

Mukwe wako,
Mukuna


Kindu, tarehe 17 mwezi wa tano, 1975

Mukwe wangu Mukuna,

Barua nimeipata kwa mkono wa Michel, chef wa treni. Boite njo yako. Mpoyi angekuwa hai angeibeba mwenyewe kichwani.

Fundi amepatikana. Andika kila kitu anachopaswa kufanya, kimoja kimoja, nami nitamsomea.

Mama,
Kankolongo


Kindu, siku ile ile

Claudine mwanangu,

Hii nimeiweka ndani ya furushi la samaki wa Lokandu ili mume wako asiione. Najua kwenye commune wamekuandika Ngoyi, na jina la ubatizo ni marufuku, lakini mimi sikuzaa karatasi.

Sikiliza. Kasimu hayupo. Amekwenda Punia kwa watu wa madini, na njia ya Punia unaijua, muntu akiingia huko mvua zote zitapita juu yake. Wengine hapa wamezoea malori tu. Nilimwonyesha mmoja gari akaanza kuuliza bei ya milango. Nikamfukuza. Kwa hiyo fundi njo mimi.

Usicheke. Miaka kumi na moja nilimshikia baba yako taa na kumpa funguo za bulo, zile bolti, chini ya gari hiyo. Ya namba kumi na nne naijua kwa kuishika tu, kumi na saba vilevile. Mume wako asijue. Mukwe akisikia kwamba mama mukwe wake amelala kwenye vumbi kwa ajili yake, kwake ni haya ya kulipa mbuzi, na atanikataza, na tumbo lako halitangoja tumalize kuheshimiana. Akijua baadaye, ni baadaye.

Kitu kimoja nikuambie. Tangu baba yako afe, kila Jumapili nikitoka misa naingia ndani ya Kiboko na kukaa kwenye kiti chake nusu saa. Nakumbuka tulipokuwa tunapanda kutoka gare, gari ikibadilisha kutoka pili kwenda tatu, ilikuwa inashusha pumzi. Baba yako alisema ni upuuzi wangu, gari haipumui. Lakini mimi niliisikia. Ile pumzi ndiyo inanikosesha usingizi, kuliko hata sauti ya baba yako mwenyewe. Sasa naitoa boite, na najua pumzi inakwenda nayo. Iende. Wewe uzae.

Mama yako


Lubumbashi, tarehe 1 mwezi wa sita, 1975

Mama mukwe ninayekuheshimu,

Umenifanyia kitu ambacho sitakisahau. Haya hapa maneno ya kumsomea Kasimu. Nisamehe, nimeyaandika kama fundi kwa fundi, hayana adabu ya kutosha masikio yako.

Kasimu, atoe batri kwanza. Ainue gari juu sana, asiamini kriki peke yake, aweke mbao za reli chini ya chassis pande zote nne, aisukume kwa nguvu aone kama inatikisika. Amwage mafuta ya boite. Atoe arbre, ile nguzo ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma, aiwekee alama ya rangi. Afungue mabomba mawili madogo yanayokwenda kwenye radiateur, na kamba ya compteur ya mwendo, na chuma kinachotoka kwenye levier ya vitesi. Kisha aegemeze moteri kwa chini isianguke, aegemeze na boite, atoe chuma kinachoibeba kwa nyuma, halafu bulo zinazoishika na moteri. Mengine anayajua.

Boite ni nzito, Mama. Usikubali asimame yeye peke yake. Awe na wanaume watatu.

Claudine ameanza kuvimba miguu. Daktari anasema ni kawaida.

Mukuna


Kindu, tarehe 15 mwezi wa sita, 1975

Claudine wangu,

Wanaume watatu niliowapata ni mimi, Sharifa jirani yetu, na dada yake Sharifa ambaye anaogopa hata kuku. Tumevaa suruali za baba yako chini ya vitenge. Gari iko juu ya mbao za reli, imesimama vizuri, tumeisukuma mpaka Sharifa akaishiwa pumzi.

Lakini ngoja nikuambie tulichokiona. Unakumbuka mfuniko wangu wa sufuria, ule wa ua la buluu, zawadi ya arusi? Ulipotea mwaka 1968, na mimi nikasema mbele ya kisima kizima kwamba Sharifa ameuchukua. Tulikaa miaka miwili hatusalimiani. Tulipatana kwenye msiba wa mama yake, lakini mfuniko haukusemwa tena, ulibaki pale katikati yetu kila tulipokula pamoja.

Basi juzi tumelala chali wote wawili, bega kwa bega, natafuta mahali boite inapokutana na moteri. Nikafuta matope kwa kitambaa. Ua la buluu likatokea. Baba yako alikosa bati la kuziba dirisha la chini ya boite, vumbi lisiingie, akachukua mfuniko wangu, akaupiga nyundo mpaka ukalala, akaufunga kwa bulo nne. Na alinisikia kisimani, Claudine. Alinisikia nikimtukana mwenzangu, akanyamaza.

Sharifa alipitisha kidole juu ya lile ua. Akasema, "Mpoyi, Mungu akurehemu, lakini ulikuwa mwizi." Tukacheka mpaka machozi yakaingia masikioni, kwa sababu muntu aliyelala chali machozi hayana njia ingine. Kisha nikamwomba msamaha, pale pale chini, mkono wangu umejaa mafuta. Akaushika hivyo hivyo.

Sasa shida. Tumefungua kila kitu mume wako alichosema, na boite haitaki kuachana na moteri. Imeachia kidogo, upana wa kidole, inagoma. Nimeipiga na mchi wa kinu. Imegoma. Namwandikia.

Mama yako


Kindu, tarehe 15 mwezi wa sita, 1975

Mukwe wangu,

Fundi ametoa vyote ulivyosema. Boite imeachia upana wa kidole, halafu inagoma. Fundi ameipiga na mchi wa kinu mara tatu, hapana kitu. Anauliza kama apige zaidi.

Mama


Lubumbashi, tarehe 29 mwezi wa sita, 1975

Mama mukwe ninayekuheshimu,

Naomba radhi kabla sijaanza. Maneno haya ni ya Kasimu, wewe usiyasome kwa sauti, mpe karatasi asome mwenyewe.

Kasimu! Mchi wa kinu? Wewe una kichwa cha mbuzi? Nani alikufundisha kazi, mama yako akitwanga mihogo? Hata fundi wa baiskeli anajua kwamba kati ya moteri na boite kuna ile sufuria kubwa ya chuma iliyojaa mafuta, convertisseur, na kwamba imefungwa kwa bulo tatu kwenye sahani ya moteri. Unafungua dirisha la chini, unazungusha moteri kwa mkono kutoka mbele, bulo ya kwanza inakuja dirishani, unaitoa, unazungusha tena, ya pili, ya tatu. Halafu sufuria unaisukuma irudi nyuma ndani ya boite, itoke pamoja nayo. Ikibaki kwenye moteri, au ikichomoka njiani na kuanguka, boite imekwisha, na mimi sina ingine katika dunia hii. Uifunge isichomoke. Ukipiga tena na mchi nitakuja Kindu kwa mguu wangu mmoja nikupige na huo mchi. Mbuzi wewe.

Basi, Mama, nisamehe tena. Nina hofu. Jana Claudine alishika tumbo mezani, nikafikiri njo sasa, nikatazama gari mlangoni, imekaa tu. Halikuwa jambo, mutoto aligeuka.

Mukuna


Lubumbashi, siku ile ile

Mama,

Alinisomea barua kabla ya kuifunga, ili nione kama imezidi. Nilikuwa nakoroga bugali. Nikamwambia moshi umeniingia machoni, nikatoka nje, nikashika ukuta, nikacheka, kisha nikalia. Nilitaka kumwambia. Mara tatu nilifungua mdomo. Lakini akijua atavunjika, na hatakubali uendelee, na mimi nataka uendelee. Ndiyo ukweli wangu, Mama, usinihukumu. Nataka huyu aishi.

Alipokuandikia kwamba ana hofu, hakukuambia kingine. Kila asubuhi anakwenda kwa mkongojo mpaka mwisho wa barabara, anahesabu hatua. Anataka kujua kama anaweza kunibeba mgongoni. Nimemuona, hajui kwamba nimemuona.

Ulale vizuri, na chini ya gari usilale peke yako.

Claudine


Kindu, tarehe 13 mwezi wa saba, 1975

Mukwe wangu Mukuna,

Barua ya fundi nimempa. Ameisoma yote. Anasema amesikia, na kwamba mama yake kweli alikuwa anatwanga mihogo.

Bulo tatu zimetoka kama ulivyosema, kwa dirisha la chini. Boite iko nje, sufuria yake iko ndani yake, imefungwa. Ilishushwa hivi: chini ya boite yalipangwa magunia ya mchanga mkavu wa mto mpaka yakaigusa. Ilipoachia moteri ikakaa juu ya magunia. Kisha fundi akatoboa pembe za magunia kwa kisu, kidogo kidogo, kama mwanamuke anavyopima mchele sokoni, mchanga ukamwagika, boite ikashuka nayo taratibu mpaka kwenye mkeka. Haikugonga mahali. Haikuhitaji wanaume.

Jana Jumamosi watu wa Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, waliacha kufyeka majani wakaibeba ndani ya sanduku mpaka gare, sita kwa zamu. Michel ameiweka ndani ya behewa lake mwenyewe, na analala kando yake. Ipokee.

Mama,
Kankolongo


Lubumbashi, tarehe 17 mwezi wa nane, 1975

Mama mukwe,

Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na lile unalongoja. Ni msichana. Kilo tatu na kidogo. Yuko hai, analia kama mwenye kudai haki yake, na Claudine amelala, amekula, ameomba pilipili. Uchungu ulimshika tarehe 14 mchana, anafua nguo. Tulifika hospitali kabla povu halijamkauka mikononi. Daktari alisema tungechelewa saa moja tu, angekuwa na maneno mengine. Sikumuuliza maneno gani.

Sasa lingine.

Sanduku lilipofika tarehe 22 ya mwezi uliopita, nililifungua mwenyewe. Kila tundu la boite lilikuwa limezibwa na gunzi la muhindi lililovikwa kitambaa. Bulo zote zilikuwa zimefungwa kwenye pembe za leso, fundo moja moja, namna mwanamuke anavyofunga kitu asichotaka kipotee. Na ile sufuria ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi wa kusukia nywele, umesukwa mara tatu, ukazungushwa, ukasukwa tena, kwa nguvu ambayo hata waya haina. Nikakaa chini. Mama, nimefanya kazi na Kasimu miaka minne Kindu. Kasimu hajui kufunga hata kamba ya kiatu chake.

Nikamuita Claudine. Nikamuuliza, "Fundi ni nani?" Akanitazama, akasema, "Mukuna, kula kwanza." Nikajua.

Nilikuita mbuzi. Nilikuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa. Nilitukana hata mama yako na mihogo yake. Na wewe ulikuwa umelala kwenye vumbi, kwa ajili ya mutoto wangu, ukanijibu kwamba fundi amesikia. Siku mbili sikuweza kugusa boite. Claudine ndiye aliniambia, haya yako utakuwa nayo hata mwaka ujao, tumbo langu halina mwaka. Nikaingia kazini. Nilipoukata ule uzi nilikata polepole, nao ninauweka.

Nimesikia kitu, sijui kama ni cha kukuandikia. Siku niliyoijaribu, pale njia inapopanda, ilipotoka pili kwenda tatu, gari ilishusha pumzi. Sikuwahi kuisikia kwa boite yangu. Nikadhani kuna kasoro, nikarudia mara tano. Hakuna kasoro. Ni namna yake. Claudine alipoisikia, njiani kwenda hospitali, katikati ya uchungu, akasema, "Baba," kisha akanishika bega.

Mutoto tumemuita Kankolongo.

Na Michel anakuletea mbuzi. Ni mweupe, hana doa, kama desturi inavyotaka kwa mukwe aliyevunja heshima. Najua mmoja hatoshi kwa yote niliyoyafanya. Uso wangu uko chini.

Mukuna


Kindu, tarehe 5 mwezi wa tisa, 1975

Mwanangu Mukuna,

Mbuzi amefika hai. Njiani amekula kofia ya Michel na nusu ya bahasha yako, lakini maneno yalibaki. Nimeyasoma ndani ya Kiboko, kwenye kiti cha Mpoyi. Nilipofika pale pa pumzi nilishindwa, nikamuita Sharifa anisomee, naye akashindwa, tukakaa tu humo ndani na karatasi yetu. Miaka kumi na moja Mpoyi alinikatalia, akisema gari haipumui. Sasa iko shahidi wa pili na wa tatu, na wa nne alikuwa tumboni. Asante, baba.

Mbuzi tumemchinja Jumapili. Sharifa alileta mwenye kuchinja kwa sheria yao ili naye ale, na sufuria tuliifunika kwa ule mfuniko wa ua la buluu. Haufuniki vizuri, mvuke unatoka pande zote, lakini hatutaki mwingine. Tumekula nyama yote. Kichwa sikula. Nimekikausha kwa moshi siku tano, na Michel anakurudishia. Mwenye kichwa cha mbuzi njo wewe, baba, uliyefikiri Kasimu angejua kumwaga mchanga. Ukile, na kama kuna haya iliyobaki, imalize nacho.

Basi heshima imelipwa, na mimi niliyekosewa ndiye nasema imelipwa. Mwezi wa kumi napanda treni nije kumuona mwenye jina langu. Ujue mapema: pale gare usigeuke uso, usimtume mwingine anipokee, usiniweke nyuma kama mzigo. Nani ataniendesha mpaka Katuba kama dereva anatazama ukuta? Nitakaa mbele, kando yako, mutoto kwenye mapaja yangu. Tutafika pale njia inapopanda, na sisi wote tutanyamaza.

Mama yako,
Fundi